Sina Hofu ya Mbwa

Jumatatu, 4 Novemba

Tangazo limebandikwa leo kwenye ukuta wa ofisi ya walimu. Shule kubwa ya upande wa pili wa mji inatafuta mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu. Ajira ya kudumu. Nafasi moja. Maana yake ni mimi.

Sijivuni. Darasa letu la elimu maalumu linahamishiwa huko muhula ujao. Watoto wote, na mikeka yao, na vitabu vyao vya herufi kubwa. Mimi ni mwalimu wa muda, na mkataba wangu unaishia hapa hapa. Wao watapanda gari, mimi nitabaki uani nimesimama kama mlingoti. Na Malkia je? Ndivyo tunavyomwita yule msichana asiyesema neno lakini anatuamrisha wote kwa kidole. Huko nani atajua kwamba kidole kikielekea dirishani anataka maji? Hilo sitaki hata kulifikiria.

Mwingine angekosa usingizi. Mimi nimetulia tuli. Kazi inaombwa kwa barua, na barua ndiyo fani yangu. Nani aliandika hotuba ya kumuaga mpishi wa shule, mpaka mpishi mwenyewe akasahau kwamba anaachishwa kazi? Mimi.

Kitu kimoja tu kimenikera. Nilipogeuka nilimkuta Tai nyuma yangu, naye anasoma tangazo. Huyu ni mwalimu wa darasa la jirani. Tunamwita hivyo kwa sababu ya tai yake ya shingoni, ambayo haivui hata akicheza mpira. Naye ana cheti cha elimu maalumu. Alikisomea wakati wa likizo. Cheti cha likizo!

Jumanne, 5 Novemba

Barua tayari. Kurasa nne. Inaanza hivi: “Kwa heshima, taadhima na unyenyekevu usio na kifani, ninanyanyua kalamu yangu kuugusa moyo wa ofisi yako tukufu.” Ukurasa wa pili najieleza: mchapakazi, mwadilifu, mbunifu, nguzo, taa, dira. Wa tatu naisifu ofisi. Wa nne naisifu tena, isije ikadhani nimechoka.

Mke wangu aliisoma yote kwa kusimama, chujio la chai mkononi. Akauliza watoto wako ukurasa gani. Nikamwambia barua ya kiofisi haitaji watoto. Akasema mbona kazi yenyewe ni ya watoto. Nikamkumbusha kwa upole kwamba yeye ni fundi cherehani, na mimi sijawahi kumfundisha kupinda nguo. Akaguna. Halafu akauliza kwa nini sijaandika ile habari ya kengele. Nilicheka mpaka nikakohoa. Niipelekee ofisi tukufu habari za kengele!

Mama mkwe, tunayeishi naye, nilimsomea kwa sauti. Ukurasa wa pili akawa amesinzia. Mama mkwe wangu si mtu wa kutulizwa kirahisi. Hii barua ina nguvu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeipeleka kwa dada wa duka la kuchapa. Ana barua moja ya maombi kwenye kompyuta yake ambayo mji mzima unaitumia. Anabadilisha jina na kazi, basi. Nikamwambia mimi si mtu wa barua ya mitumba. Lakini nilipoiona, kusema kweli, nilipenda mstari wake wa maua pembeni na ule mwisho wake wa “wako mtiifu katika ujenzi wa taifa”. Nikamwagiza aingize kurasa zangu humo humo, katikati ya maua.

Alichapa huku akiongea na simu. Sikusoma tena. Mtu hasomi kitu alichokitunga mwenyewe. Nimeiweka kwenye bahasha na kuituma. Roho yangu kwatu.

Jioni Tai alipita nyumbani. Kumbe na yeye anaomba. Alisema hajui kuandika barua, mwandiko anao ila maneno hana, na kwamba shule nzima inanisifu mimi. Akaniomba nimsaidie, kaka yake, nisimuache.

Nilimwambia aende akalale, aniachie mimi. Alipotoka nilikaa kwenye kiti cha mama mkwe nikatabasamu peke yangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Hii ndiyo barua niliyomwandikia Tai. Naiweka hapa ili siku nikiwa mzee nijisomee nicheke.

“Naomba kazi ya ualimu katika kitengo chako. Nina mtoto darasani ambaye kila kengele ikilia alikuwa anajificha chini ya meza na kuziba masikio. Niligundua kwamba haogopi mlio, anaogopa kushtukizwa. Sasa kengele anaipiga yeye mwenyewe, na hajifichi tena. Nina mwingine asiyeweza kusoma akiwa amekaa. Nimemruhusu asimame. Yupo niliyeshindwa kumfundisha kufunga vifungo vya shati. Bado tunajaribu. Nikipata kazi hii nitaanza kwa kuwauliza wazazi wao kile ambacho mimi sikijui.”

Jina, saini, kwisha. Nusu ukurasa! Hakuna heshima na taadhima. Hakuna nguzo wala taa. Ofisi haikusifiwa hata kwa bahati mbaya. Halafu mtu anakiri kwa maandishi kwamba kashindwa na vifungo. Nani atamwajiri mtu aliyeshindwa na vifungo?

Kwa kuwa sijui Tai anafanya nini darasani kwake, nilijazia vitu vidogo vidogo vya darasani kwangu. Vile ambavyo mwenye akili timamu hawezi kuviweka kwenye barua yake.

Nilimpelekea wakati wa mapumziko na kalamu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumzuga asiisome. Hakuisoma. Akasaini pale pale, akasema ananiamini. Bahasha niliifunga mwenyewe, nikaituma mwenyewe. Mtu akisema anakuamini kazi inakuwa nyepesi sana.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimesoma nakala ya barua yangu. Dada wa duka la kuchapa amenimaliza. Aliyeitumia ile barua kabla yangu alikuwa anaomba kazi ya ulinzi, na dada hakufuta yote. Kwenye ukurasa wa tatu, katikati kabisa ya sifa za ofisi, imeandikwa: “Pia sina hofu ya mbwa na niko tayari kukesha.”

Nilikwenda dukani moto. Dada akasema bila kuinua macho kwamba sentensi hiyo huwa inapendwa.

Nimetafakari nikarudi nyumbani nimepoa. Mwalimu wa elimu maalumu anahitaji ujasiri. Anahitaji uvumilivu. Mbwa ni ujasiri, kukesha ni uvumilivu. Nilivyoiangalia vizuri, ni kama nilikusudia.

Alhamisi, 14 Novemba

Tai ameitwa kwenye usaili. Mimi sijaitwa.

Nimeandika mstari huo mara moja na siurudii.

Alikuja mbio darasani kwangu na barua ya wito, tai imemgeukia mgongoni. Alinishika mikono yote miwili kunishukuru. Watoto walidhani ni mchezo, wakaja nao kunishika mikono. Malkia akanielekezea kidole usoni, halafu akakielekeza kwenye tabasamu langu, kama anayeuliza lina nini leo. Huyu mtoto hadanganyiki.

Mke wangu ameuliza kulikoni, mbona sili. Nimemwambia tumbo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawafikiria wakipanda lile gari bila mimi.

Baadaye nimepata jibu. Wamemwita Tai ili wamwonyeshe jinsi barua isivyoandikwa. Shule kubwa zina utaratibu wa namna hiyo.

Jumatatu, 18 Novemba

Usaili wa Tai ulikuwa leo. Alirudi mchana, akaja moja kwa moja kwangu. Hakukimbia.

Alisema mwalimu mkuu wa kule, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, alimsomea barua yake mwenyewe kwa sauti, akamwomba aeleze vizuri habari ya kengele. Tai akabaki ametoa macho. Akawaambia hajawahi kuwa na mtoto wa namna hiyo, na hiyo barua ndiyo kwanza anaisikia. Mtoto ni wa darasa la jirani, mwalimu wake ndiye aliyeandika, na kama wanamtaka mtu wa kengele wamwite huyo. Akaaga, akatoka.

Nilijua sasa nimepatikana, ataniuliza, na shule nzima itajua.

Akaniuliza kweli. Aliuliza kwa nini nilifanya vile. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe. Alisema amefikiri njia nzima na ameelewa: mimi ni mtu ninayeona haya kujisifu, ndiyo maana mema yangu nikampa yeye. Alisema hajawahi kutendewa wema kama huo. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Nilijisikia vibaya. Kweli nilijisikia vibaya, mpaka tulipofika getini. Pale getini nikaanza kuona kwamba Tai ni mtu mwenye upeo kuliko nilivyodhani. Kuona haya kujisifu. Ndivyo nilivyo. Mama yangu alikuwa anasema hivyo hivyo.

Jumanne, 19 Novemba

Yule mama wa mkoba amenipigia simu. Atakuja keshokutwa kuliona darasa langu.

Nilimuuliza kwa adabu kama barua yangu ya kurasa nne haikumfikia. Akasema ilifika, ila karani aliiweka kwenye fungu la waombaji wa ulinzi wa usiku, na huko walikuwa wameipenda.

Kwa hiyo barua moja imeomba kazi mbili, na kote inakubalika. Nimemwambia mke wangu. Amekwenda kucheka chumbani na mama yake.

Alhamisi, 21 Novemba

Amekuja. Nilikuwa nimevaa koti. Nilikuwa nimekariri ukurasa wa tatu wote, bila mbwa.

Alikaa kwenye kiti cha mtoto, mkoba mapajani. Nikasimama mbele yake nikaanza: kwa heshima, taadhima. Nilikuwa nimefika kwenye “dira” nikasikia koti linavutwa. Malkia. Muda wa kengele ulikuwa umefika. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri kidogo, mwalimu ana jambo kubwa. Akavuta tena. Nikaendelea kusema huku navutwa. Mara ya tatu akanishika kidole gumba na kuanza kuondoka nacho, nami nikaondoka na kidole changu, sentensi nikaiacha hewani.

Kengele yetu ni kipande cha chuma kinachoning'inia barazani, na mlio wake unapasua kichwa. Nikainua kiganja juu ili wenzake waone kwamba sasa inakuja. Nikampa nyundo. Akaipiga kwa mikono yote miwili, akaisikiliza mpaka ikaisha, akanirudishia nyundo kama bosi. Ndani, hakuna aliyekuwa chini ya meza.

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza nilijuaje. Nilikuwa nimeshika nyundo, kichwani sina hata neno moja la kukariri, basi nikamjibu hivi hivi tu kwamba sikujua. Nilikaa naye chini ya meza siku kadhaa nikiona kinachomtisha. Siku moja nilimuuliza anataka nini, akaelekeza kidole kwenye nyundo. Basi.

Akaniuliza itakuwaje asipokuwepo mtu wa kumpa hiyo nyundo. Nikasema sijui, mama. Ndiyo maana nimeomba.

Akaandika kitu, akaaga, akaondoka. Nimekasirika mpaka usiku huu. Ukurasa wa tatu haukumalizika!

Jumamosi, 23 Novemba

Nimepata kazi.

Mke wangu alilia, mama mkwe akalia kwa sababu mke wangu analia, na mimi nikaenda kusimama uani, vumbi la huko huwa linaniingia machoni. Nakwenda na watoto wangu. Malkia atapata kengele ya kule, hilo nimeshaliomba, na wameshakubali.

Nimekaa kutafakari ni nini hasa kilichowashinda nguvu. Mke wangu anasema ni kengele. Sikubishana naye, leo ni siku ya furaha. Lakini ukweli uko wazi kwa kila ajuaye mambo ya ofisi. Zile kurasa nne zilitangulia, zikalainisha, nikaja kumalizia mwenyewe kwa mdomo mpaka kwenye “dira”. Kengele ilinikatiza tu. Nusura iniharibie.

Jioni Tai alikuja kunipongeza. Kakosa kazi, lakini uso umemkunjuka, hana kinyongo hata kidogo. Akaniambia nafasi yangu ya hapa itatangazwa, darasa jipya la elimu maalumu litaanza, na yeye anaitaka kutoka moyoni. Anajifunza na lugha ya alama jioni. Mtoto wa dada yake hasikii, na ameshaweza kupiga naye hadithi nzima. Akauliza, kwa aibu, kama naweza kumwandikia barua tena.

Nilimwangalia na ile tai yake, moyo ukanilainika. Mtu huyu kanipa kazi. Safari hii namsaidia kwelikweli, kwa uwezo wangu wote. Habari za mtoto wa dada yake nimemwambia azisahau, hizo si mambo ya kupeleka ofisini. Nimeshaanza: “Kwa heshima, taadhima na unyenyekevu usio na kifani.” Nguzo ipo, taa ipo, dira ipo. Nimefika ukurasa wa tano na bado naisifu ofisi.

Sentensi ya mbwa nimeiacha palepale. Haijawahi kushindwa.