Jinsi Mwalimu Georgette Alivyoizuia Ordinatere Isiende Uvira

Shusheni mchi, enyi bamama mnaotwanga sombe, majani ya muhogo; nanyi babwana mnaojifanya hamsikii, sogezeni viti, maana masikio yenu nayajua, husimama kabla ya miguu. Leo nasimulia vita. Si vile mlivyovikimbia na magodoro kichwani, la. Vile kila mtu anavyo vyake na hakuna aliyevishinda. Nasimulia vita vilivyopiganwa mchana kweupe, ndani ya ofisi ya shule moja ya sekondari hapa Baraka, kati ya mwanamke mmoja mwenye diski nyembamba kama chapati ya siku ya njaa, na woga wa wakubwa. Vita ambamo hakikumwagika kitu ila petroli kidogo, nayo ilimwagikia mdomoni mwa Papa Jérémie, kama mtakavyosikia.

Ewe Ziwa Tanganyika, uliyetuvusha tukilia na kuturudisha tukibishana, nipe pumzi. Nanyi milima ya Fizi, mlioona mengi mkanyamaza, endeleeni kunyamaza mpaka nimalize.

Ulikuwa mwaka ule ambao wakubwa walikwisha kutia sahihi amani huko Afrika Kusini, wakapeana mikono na kula vizuri, ila bunduki za kwetu zilikuwa bado hazijapata habari. Tulikuwa tumeanza kurudi kutoka kambi ya Lugufu, ng'ambo ya ziwa, tukakuta nyumba hazina mabati na mashamba yamekuwa pori. Na katika shule ile, juu ya meza ya prefe, yaani mkuu wa shule, chini ya kitambaa cha kufumwa chenye maua, ilikaa ordinatere, ambayo wengine huiita kompyuta. Ilivuka maji kutoka Kigoma imefungwa blanketi kama mtoto mchanga, zawadi ya wamisionari, na siku iliposhushwa ufukweni hata wale wasiojua kazi yake waliipigia vigelegele.

Lakini ole wake! Ndani yake ilikuwa imelala programu ya kununua, na programu hiyo ilikuwa na tabia ya mchumba mwenye tamaa: hukaa nawe vizuri kwa muda, kisha inanuna, inafunga mlango na kudai namba mpya. Namba hizo zilikaa kwa mtu mmoja tu, Roger wa Uvira, Bwana wa Namba, Mpanda Pikipiki, Mvaa Miwani Myeusi hata penye wingu, ambaye kila alipoitwa alikuja, akafungua, akala samaki, akaondoka na mbuzi mgongoni mwa pikipiki. Tangu Pasaka mashine ilikuwa imenuna kabisa kabisa. Roger akaja, akaigonga kifuani kama daktari, akatikisa kichwa, akasema ugonjwa umeingia katika mifupa na sharti aibebe mpaka Uvira.

Barabara ya Uvira mnaijua. Ina vizuizi, na kila kizuizi kina serikali yake. Baiskeli ya parokia ilikwenda Uvira kutengenezwa. Cherehani ya wajane ilikwenda Uvira. Hata kengele ya kanisa moja, siitaji, ilikwenda Uvira kuchomelewa, na mpaka leo waumini wake wanaitwa kwa kugonga ringi ya gari. Kitu kikienda Uvira, tunakifanyia matanga.

Ndipo alipoinuka Georgette, Simba Jike wa Darasa la Nne, Mshika Chaki, ambaye sauti yake ikipita koridoni hata kuku wa jirani wanarudi kuangalia kama wamesahau kazi ya nyumbani. Mwanamke huyu, miaka yote ya kambini, aliwafundisha wasichana kuandika kwa mashine bila mashine. Alichora herufi juu ya maboksi ya mafuta ya msaada, na wasichana wakagonga maboksi hayo asubuhi na jioni, mpaka vidole vyao vikaijua njia ambayo havijawahi kuipita. Sasa mashine yenyewe imefika, imelala chini ya kitambaa, na kesho inapelekwa kuzikwa. Vidole vya mabinti vizeeke juu ya boksi? Georgette akasema hapana.

Naye alikuwa na silaha. Mwalimu mmoja wa Kigoma alimpa diski yenye programu ya bure, isiyodai namba, iliyotengenezwa na watu wengi wa nchi nyingi wasiojuana, wakakubaliana kwamba kila mtu aitumie, aigawe, aifungue aone ilivyosukwa, na akiweza airekebishe. Kabla hajamwendea prefe wake alikwisha kuitembeza diski hiyo katika shule nyingine, kama mtume anayetafuta mji wa kuongoka. Kule Fizi prefe hakuitazama, akamwambia aiache kwa sentineli wa langoni. Kule Kilembwe mwingine aliigeuza juu na chini, kisha akauliza kwa sauti ndogo ni ya kundi gani, na kamanda wao ni nani.

Prefe wa shule ile alikuwa Raphaël, Mlinzi wa Muhuri, Mzee wa Kravati Moja, mtu mwenye heshima asiyecheka ila kwa ruhusa ya wizara. Georgette alimwomba aite mkutano wa wazazi siku ya Jumamosi, naye akakubali haraka, kwa kuwa alijua wazazi watakataa. Tangazo likatoka: mwalimu atagawa programu ya bure.

Hapa, wasikilizaji wangu, historia iliteleza kidogo. Maana sisi watu wa Baraka vita vimetufundisha vizuri. Tukisikia kitu cha bure kinagawiwa, hatuulizi ni nini. Tunauliza saa ngapi. Siku ile kabla umande haujakauka, uwanja wa shule ulijaa mabeseni, magunia, bidoni, na kadi za kambi zilizofungwa katika plastiki. Walikuwapo waliosema programu ni aina ya mafuta. Walikuwapo waliosema ni maharagwe mapya, ya kupikwa upesi. Mama Dorothée alikuja na mabeseni mawili, moja lake, moja la dada yake ambaye ni mgonjwa, na ambaye ugonjwa huo huo humpata kila siku ya mgao.

Georgette alipoinua diski juu, ikang'aa juani kama ngao, umati ukanyamaza ukisubiri lori. Lori halikuja. Alipoeleza kwamba mgao wenyewe ndio huo, palitokea mnung'uniko kama wa mawe yanayoteremka milima ya Minembwe. Mtu mmoja aliuliza itatosha vipi watu wote hawa. Roger, ambaye pikipiki yake ilikuwa nje na kamba tayari, alitabasamu nyuma ya miwani yake.

Ndipo prefe akasimama, akanyoosha kravati, ile tai yake ya pekee, akahutubia.

"Bazazi, mumeona wenyewe. Mi naongoza hii école tangu mbele ya vita. Bure ya kwanza yenye ilifika hapa ilikuwa viatu. Batoto bakavaa, bakafurahi. Kisha benye viatu bakarudi na bunduki, bakasema sasa miguu nayo iko yetu, bakaenda nayo mu pori. Kitu ya bure iko na mwenyewe, na mwenyewe anakuja siku haukumuita."

Katika umati ule palikuwa na wanawake waliokuwa wakijua majina ya watoto hao, na mmoja alishusha beseni lake chini polepole. Georgette mwenyewe alitazama ardhi. Mimi huwa nacheka hata msibani, lakini pale nami nilifunga mdomo.

Kisha Georgette akainua macho, na sauti yake haikuwa ya koridoni.

"Bwana Prefe, nakuheshimu, na ile yote umesema iko kweli. Lakini ile muhogo ya mu shamba yako, miti yake ya kupanda ulinunua kwa nani?"

Prefe akakohoa. Jibu likatoka kwa Mama Dorothée, aliyekuwa ameketi juu ya beseni lililogeuzwa, la dada yake.

"Anunue wapi? Alikuja kuniomba kule Lubondja, na hii hii kravati. Nikamukatia fungu mbili."

Lazima niwakumbushe wageni: kwetu miti ya mihogo haiuzwi. Hata vitani, aliyeokoa shina alitoa shina. Ukiuza, shamba linakununia, na mihogo yako inakuwa michungu mpaka mbwa anaiacha. Ukipewa, na jirani akakuomba, unatoa. Ndiyo maana baada ya vita vyote hivi tunakula bukari, ugali wetu wa muhogo. Umati ukaanza kuguna kwa namna nyingine. Mtu akasema, kumbe prefe anakula bure ya Dorothée tangu mwaka jana na hakuna aliyekuja kumchukua miguu.

Lakini Raphaël hakuwa mtu wa kuanguka kwa pigo moja. Akauchukua mkuki wake wa mwisho, akautupa kwa nguvu zake zote.

"Ile miti niliikwangua na ukucha mbele nipande. Niliona maziwa, nikajua iko hai. Hii diski nitaikwangua wapi?"

Lo! Kila mkulima alitikisa kichwa kukubali, maana hakuna anayepanda kijiti asichokikwangua. Georgette naye akatabasamu, kama mvuvi anapohisi kamba inavutwa.

"Ikwangue, Bwana Prefe. Yenye haikwanguliwi ni ile ya Ndugu Roger."

Roger akasema kwa hasira kwamba hakuna muntu anafungua programu aone ndani, hata yeye mwenyewe hajawahi.

"Basi unatuuzia miti haujaona maziwa yake," Georgette akamjibu, akaingia ofisini, na umati wote ukamfuata hadi madirishani.

Grupu ya umeme, yaani jenereta, ikavutwa kamba, ikakataa, ikavutwa, ikatukanwa kwa Kibembe, ikanguruma. Kitambaa cha maua kikaondolewa. Georgette akatia diski, mashine ikaacha kununa kwa muda, ikisoma diski tu, na baada ya kupekuapekua akaufungua ule ukurasa wa ndani kabisa, mahali programu yenyewe ilipoandikwa. Mistari ikashuka juu ya kioo, alama na mabano na maneno yaliyokatwa mikia, mingi kuliko nyavu za Baraka yote. Akamwekea prefe kiti.

Raphaël alivaa miwani, akasoma.

Alisoma, wapendwa wangu, kama mtu anayesoma hati ya mahari ya binti yake. Alifuata kila mstari kwa kidole. Mahali pengine alirudi nyuma, akakunja uso, kama aliyekuta kosa, kisha akamsamehe mwandishi na kuendelea. Hakuelewa hata alama moja. Lakini angesemaje hivyo, Mlinzi wa Muhuri, mbele ya mabeseni yale yote? Na huku grupu inakunywa petroli, nayo ilikuwa chupa moja tu, na programu ilikuwa bado haijawekwa ndani ya mashine. Jasho lilimshuka Georgette. Kumwomba prefe aharakishe ni kusema hasomi. Akavumilia, na huo ulikuwa ushujaa wake mkubwa kuliko wote.

Mwishowe prefe akavua miwani, akageukia madirisha.

"Maziwa iko," akasema.

Vigelegele vikapasuka. Georgette akaanza kuiweka, na programu ikaingia polepole, kama mwenye mimba anayepanda mlima. Ilipofika katikati, grupu ikakohoa. Ikakohoa tena, kikohozi cha mtu anayeaga.

Hapa kumbukumbu zinatofautiana. Kinachojulikana ni kwamba Mama Dorothée alimhurumia Roger, akamwambia mgeni haachwi na njaa kwa sababu ameshindwa, akamketisha nyuma ya madarasa mbele ya bukari na samaki mukeke wa kuchoma, akamhesabia miiba mmoja mmoja. Kinachojulikana tena ni kwamba wakati huo bomba la mpira lilionekana likitoka kwenye pikipiki, na kwamba grupu iliacha kukohoa. Nani alivuta kwa mdomo, historia haijui. Papa Jérémie, mkubwa wa kamati ya wazazi, alitema mate siku nzima na hakukubali mtu amsogelee na sigara.

Programu ikafika juu. Kioo kikawa cheupe, kitulivu, hakidai namba ya mtu. Roger alipomaliza kula alifungua kamba yake, akaikunja, akaipiga teke pikipiki mara nyingi, kisha akauliza kama kuna boti ya Uvira.

Georgette akawaita wasichana. Walikuja wakisukumana, wa kwanza Aline, ambaye vidole vyake kambini vilikuwa vyepesi kuliko vya wote. Akaketi pembeni ya kiti kama aliyekuja kwa wakwe. Akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza ya jina lake, akabonyeza, na kwa kuwa boksi halikuwahi kumjibu, hakujua kwamba kidole huondolewa. Ikatokea a. Ikatokea nyingine. Zikajaa mstari, zikashuka wa pili, zikateremka kioo kizima kama siafu wanaohama, na Aline macho yamemtoka, hathubutu kupumua wala kuachia. Georgette hakumwambia aache. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Prefe akasogea. Akavaa tena miwani, akainama nyuma ya yule binti, akasoma ukurasa wote kuanzia juu mpaka chini, bila kuruka.

"Hii," akasema polepole, "nimeelewa yote."

Basi andikeni, enyi mnaoandika tarehe za marais na mikataba: kwamba baada ya vita, kitabu cha kwanza kuandikwa Baraka kwa mashine isiyo na deni kwa mtu kilikuwa na herufi moja tu, kiliandikwa na msichana, kikathibitishwa na prefe, na sisi tuliokuwa madirishani na mabeseni matupu tulikisoma pamoja naye, kwa sauti, mpaka petroli ikaisha.