Panya Aliyetoa Rangi Maradufu

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema ini langu limechoka. Mimi, niliyepasua maini ya panya miaka thelathini! Amenishauri nitengeneze mambo yangu. Ninalo moja tu. Zamani kule maabara tulitia rangi ya kijani kwenye mshipa wa panya, kisha tukapima kiasi kinachotoka na nyongo. Bi Mizani, jirani yangu wa meza, alidai chumvi za nyongo ndizo zinazoivusha rangi. Panya wake akatoa rangi maradufu. Wangu karibu hakutoa kitu: nilisinzia, nikasahau kumfungulia mrija wa chumvi hizo. Nikabandua lebo za chupa zetu za nyongo, nikazibadilisha. Sifa nikapata mimi. Yeye akahamishiwa kuosha vyombo. Nimemwita. Nitaungama.

Jumatano, 5 Machi
Amekuja. Ana mkongojo, ila ulimi ni uleule: aliuliza kama nimekonda au kitanda ndicho kimenenepa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Tangu mke wangu afariki, kiti cha kando ya kitanda hukaliwa na nguo chafu tu. Nikapiga hesabu: nikiungama leo, ataondoka leo. Nikamwambia nina siri, lakini pumzi imenikatika. Akasema basi, atarudi Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeungama nusu. Kusinzia tu. Akasema hilo nani asiyelijua, nilikoroma hadi panya wakashtuka. Atakuja Jumapili. Mkwe wangu kaniuliza, baba, mbona siku hizi unachana nywele? Nikamjibu ni agizo la daktari.

Jumapili, 9 Machi
Mambo yametumbukia nyongo. Kabla sijafungua mdomo, Bi Mizani akaniambia niache kumzungusha, mzee mzima. Habari ya lebo aliijua siku ileile. Yake niliibandika juu chini. Nikauliza mbona hakusema. Kumbe alisema. Hakuna aliyemsikiliza. Alilia mwaka mzima, kisha akachoka kulia. Sasa alikuja kuona kama nitalitamka kosa langu mwenyewe. Neno moja, samahani, lilitosha. Nikatazama ukuta. Akainuka, akanitakia afya njema. Hakutaja siku ya kurudi.

Jumatatu, 10 Machi
Mficha uchi hazai. Nimemwandikisha mkwe ujumbe: bado kuna dhambi kubwa zaidi, inahusu panya mwingine. Hakukuwa na panya mwingine. Bi Mizani amejibu atakuja Alhamisi. Nina siku tatu za kumtungia huyo panya uzito, ini, na kiasi cha rangi kinachoaminika.