Siku Balimupigia Shangazi Telefone Juu Yangu

Ndugu zangu, leo nimepata haya mbele ya bantu na ng'ombe. Sisemi ng'ombe juu ya muchezo. Zilikuwa pale kweli, na moja ilikuwa inaniangalia.

Munajua kama hapa Karuba, mu Masisi, banafungua fasi ya kuchezea batoto, bale familia zabo zilikimbia vita. Banatafuta bamama ba kubachunga, kubaimbisha, kubafundisha kuchora. Nikasema hii kazi ni yangu. Napenda batoto. Batoto bananipenda. (Hata mbuzi ya jirani inanifwataka.)

Ila iko formulaire, karatasi ya kujaza. Karatasi ya tribunal kama sina makosa, nilipata. Ya chef ya kijiji kama niko na tabia muzuri, nilipata. Ikabakia fasi moja tu: andika kazi yenye ulishafanya na batoto, na numero ya muntu mwenye alikuona.

Hapo njo shetani alishika kalamu yangu.

Miaka sita ya nyuma nilikuwa Omate, kule Walikale, kwenye banachimbaka madini. Shangazi yangu, Mama Vumilia, anakaangaka beignets, ile maandazi, kule. Nyuma ya jiko yake kulikuwa bâche, ile turubai, na mukeka moja, na bamama bale balikuwa banaenda kutwanga mawe balikuwa banatuachia batoto. Mimi njo nilikuwa nabaangalia. Basi ku formulaire nikaandika: "Responsable, garderie ya Omate," ni kusema mukubwa wa nyumba ya kulelea batoto. Na chini yake, fasi ya mukubwa yangu mwenye aliniona: "Directrice, Madame Vumilia." (Bâche ikakuwa garderie. Mukeka ikakuwa bureau yangu.) Ila kama ni shangazi yangu, ile sikuandika. Na ye mwenyewe sikumuambia kitu, juu nilijua atanisifu tu. Muntu mwenye alikuchinjia kuku siku ya kuagana, atakusema vibaya namna gani?

Leo asubuhi balituita. Réseau ya telefone hapa inakamataka vizuri kule tu juu ya kilima, mu majani kwenye ng'ombe zinakulaka. Njo kule baliweka meza. Ku meza kulikuwa Mama Espérance, mwenye alitoka Goma, ye njo anachunguzaka bantu mbele babapatie batoto. Pembeni yake Papa Bahati, président ya comité ya bazazi, tunaimbaka naye mu chorale moja. Sisi bengine bale tulikuwa tunatafuta kazi, tulikaa mu majani, karibu sana.

Mama Espérance ni muntu wa sauti ya chini. Alituelezea kama atapigia bantu bote tuliandika, haiko juu anatuona babaya, ni juu mutoto hawezi kujichunguzia muntu mwenye atamuchunga. Akaniuliza kama nakubali apige mbele yangu. Nikasema hakuna shida. Nikatengeneza hata kitambaa ya kichwa. Akaweka telefone ku haut-parleur, bote tusikie, juu sikio moja ya Papa Bahati haisikiake vizuri.

Ikaita. Kwanza tukasikia mafuta inalia mu sufuria.

"Ni Madame la Directrice?"

"Directrice ya nini? Mimi niko nakaanga beignets."

Nyuma yangu muntu alikohoa, ile kukohoa ya bongo, ya kuficha kicheko.

Mama Espérance hakucheka. Akamuuliza kama ananijua. Shangazi akajibu, atakosa kunijua namna gani, na mimi ni mutoto ya kaka yake. Mama Espérance akaandika kitu. Papa Bahati akaanza kuangalia milima. Mimi nikafikiri haya yangu njo ile. Kumbe haya ilikuwa bado inavaa viatu.

Juu akamuuliza tena: iko mutoto mwenye alishapata hatari mu mikono yangu?

Shangazi akageuza beignets. Mafuta ikaendelea kulia.

"Mama, mimi ni muntu wa kanisa. Siwezi kukudanganya juu ya mutoto ya muntu. Iko ile mambo ya Neema."

Neema namukumbuka. Alikuwa na miaka tatu. Siku moja alitoka ku mukeka na mimi niko ku telefone na kijana moja (leo ameoa mwengine). Tulimutafuta, kisha Shangazi akarudia, akasema bamemukuta kwa mama yake. Nikashukuru Mungu, nikarudia ku telefone.

Kumbe hakukuwa kwa mama yake. Shangazi aliieleza yote, pole pole. Mutoto alianguka mu shimo ya maji, kwenye banasafishia muchanga. Muchimbaji moja njo aliona nguo yake inaelea, akamuvuta na mukono. Alitapika maji mpaka magaribi. Bamama bote bakasema habataacha tena batoto kama mimi niko pale.

"Mutoto yetu ana roho muzuri," Shangazi akasema, "ila akili yake ilikuwa mu telefone. Njo nikamudanganya kama mama yake ni mugonjwa, arudie Masisi. Tukamuchinjia kuku, asijue kama tumemufukuza."

Miaka sita. Miaka sita naambia bantu kama niliacha kazi juu ya kuuguza mama. Siku nilifika, mama nilimukuta analima maharagi. Nikasema Mungu amemuponya na mimi niko mu njia. Nikatoa ushuhuda ku kanisa. (Papa Bahati alikuwa pale. Alipiga makofi.)

Hakuna mwenye alicheka. Ile njo ilinimaliza. Nikaomba telefone.

"Shangazi, Neema iko?"

"Iko. Anasoma mwaka ya tatu. Ila ku mutoni hapitake bila kushikwa mukono."

Nikamurudishia Mama Espérance telefone. Akaniuliza kama niko na neno. Nikaomba formulaire yangu. Nikakata garderie, nikakata responsable, nikakata directrice. Nikaandika kama nilikuwa nachunga batoto nyuma ya jiko ya shangazi, na moja alianguka mu maji juu nilikuwa ku telefone. Alisoma mara mbili. Akaniambia, sauti ileile ya chini, kama batoto hataniachia leo. Akaongeza kama kitu yenye imemuogopesha zaidi haiko shimo. "Ulipamba karatasi," akasema. "Siku mutoto atapotea, utapamba tena." Akasema, kama nataka, niingie mu formation, masomo ya kuchunga batoto, na bengine, bila kuachiwa mutoto hata moja, kisha bataona.

Nikakubali.

Papa Bahati alinisindikiza mpaka ku njia. Pale tunaachana, akaniambia kama ushuhuda wenyewe, kusema ukweli, ulikuwa muzuri.

Sasa niko ku nyumba. Shangazi ameniandikia hivi: "Mutoto yangu, nimekusemea vizuri. Kazi unaanza siku gani?"

Sijamujibu. Kati yenu, ule atashindwa kucheka, njo numero yake nitaandika ku formulaire yenye kufwata, juu ye njo atasema ukweli.