Posa Yangu na Marehemu wa Runingani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimemwambia Mama nataka kuoa. Akapiga kigelegele, na jirani wa chini akamwitikia bila kujua sababu. Nikamwambia ni Lamis. Kigelegele kikakatika katikati.

Lamis ni mwigizaji. Kila Alhamisi usiku Mji wa Kale mzima unamtazama kwenye tamthilia ya Pazia la Kibokoni. Humo jina lake Salha, mke wa Bwana Idarusi, wakala wa forodha. Idarusi ni Ronny, kijana wa Bungoma mwenye meno ya tangazo. Kwenye kamera wanapendana kufa. Kamera ikizimwa hawasemezani! Lamis asema Ronny hutafuna kitunguu kibichi kabla ya kila tukio la mapenzi. Ronny asema Lamis humkanyaga makusudi. Anayepigiwa simu na Lamis jioni ni mimi, Latif, muuza leso wa Biashara Street. Mimi ndiye ninayemchekesha mpaka anakohoa.

Mama anayajua yote hayo, na bado hataki kupeleka posa. Asema hajapata kubisha hodi kwa mke wa mtu na hataanza uzeeni. Nikamwambia ni maigizo. Akasema yeye si mjinga, anajua ni maigizo, ila watu wa barazani wana macho. Wakimwona anapita na sinia la posa watauliza Idarusi, mwanamume mzuri vile, kakosa nini.

Bila Mama hakuna posa. Na Abdulghafur, muuza magodoro, naye anamtaka Lamis! Anamngoja tu shangazi yake ampelekee posa, naye yuko Dubai kwa bintiye mpaka mwisho wa mwezi. Shangazi huyo hatazami runinga. Asema inamuumiza macho. Hatari kubwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Lamis amenishauri kwa simu. Niende mwenyewe na mjomba wangu kwa nyanyake, Bi Ummukulthum, aliyemlea. Niseme haja yangu, basi. Nilicheka. Maskini, hajui mambo haya yanataka akili.

Akili ninayo. Mwandishi wa tamthilia ni Nicanor, kapera kutoka Kakamega, na udhaifu wake ni biriani. Jioni nimempelekea sufuria nzima kule bustani ya Mama Ngina, ufukweni, tukakaa ukutani tukitazama watu. Nikamweleza kwamba watazamaji wamechoka na raha. Idarusi amwache Salha! Nicanor akalamba vidole, akasema kesho wanapiga picha na keshokutwa inaonyeshwa. Mtayarishaji wao hana akiba ya vipindi wala subira. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 9 Oktoba

USHINDI! Kamwacha! Sebuleni, mbele ya kabati la vyombo, kwa sauti ya kusikika mpaka Forodhani. Nikapiga makofi. Mama akanitazama kwa jicho baya, machozi yanamtiririka.

Nikamwacha apenge kamasi kwanza. Kisha nikauliza kwa upole, posa iende lini? Mama akauliza ni talaka ngapi. Nikasema talaka ni talaka. Akasema la, kasema moja tu, yeye amesikiliza vizuri. Hiyo ni talaka rejea. Mwanamke yuko edani, mumewe ana haki ya kumrejea wakati wowote, na mtu mwenye adabu haposi hapo.

Nimempigia Nicanor. Hakujua kama talaka zina hesabu! Kwao, asema, watu wakiachana kinachohesabiwa ni ng'ombe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kamrejea. Eti watazamaji walipiga simu kituoni wiki nzima wakilia. Nicanor, mtu asiye na msimamo, akawasikiliza! Ronny kaingia na asumini mkono mmoja na doti ya leso mkono wa pili. Leso ZANGU! Nilizowaazima mwenyewe ili Lamis apendeze. Wakaketi kitandani, akamfunika mabega nayo, na kamera ikasogea karibu mno. Mama amekaanga kaimati, amegawia ghorofa zote tatu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leso ile imekwisha dukani kabla ya swala. Kila mwanamke anataka ya kurejewa. Hata Bi Khatijabai wa duka la pili, ambaye mumewe hajapata kumwacha, kachukua mbili za akiba. Faida nzuri, lakini moyo hauna raha.

Abdulghafur kaja kuniarifu kwamba godoro walilokalia lilitoka kwake. Kasema lilionekana vizuri kuliko leso. Nikamjibu kwamba godoro lilikaliwa na leso ikakumbatiwa. Akaondoka.

Nimekata shauri. Idarusi lazima afe.

Jumapili, 19 Oktoba

Biriani ya pili. Mama ameanza kuuliza mchele unakwenda wapi.

Nicanor alikubali kifo bila kubisha, ila alitaka cha homa, polepole, kichwa cha Idarusi kikiwa mapajani pa Salha kwa wiki tatu. Nikagoma! Nikadai kifo cha haraka, nje ya nyumba, mbali na mapaja. Tumeafikiana kontena bandarini. Nimemwongezea mnofu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kontena limeshuka. Idarusi hakuwahi hata kusema neno. Kazi safi.

Lakini Lamis! Sikujua kama anaweza kulia vile. Alikaa chini kimya, akashika kiatu cha mume, akakifuta vumbi. Basi. Hata mimi niliyepanga mauaji nililia. Mtaa mzima ulinyamaza, mpaka jenereta ya kinyozi ilizimwa kwa heshima.

Nikangoja nusu saa ya adabu. Kisha nikamkumbusha Mama kwamba Salha sasa hana mume, na marehemu harejei. Mama akashika kifua. Akauliza kama nina wazimu. Mwanamke ana eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, na mimi nataka kupeleka sinia maiti bado ana joto?

Miezi minne! Shangazi wa Abdulghafur anarudi wiki ijayo!

Ijumaa, 24 Oktoba

Mama amekwenda kwa kina Lamis na sukari na mchele, kutoa mkono wa tanzia. Kawakuta wanawake wengine sebuleni, kila mmoja akieleza kwamba anajua ni maigizo.

Lamis kanipigia kwa hasira. Alikwenda Marikiti kununua tungule, wauzaji wakamrudisha. Eti mjane yuko edani na anazurura sokoni, tena na baibui wazi na gauni la kijani! Mchukuzi mmoja alimbebea kikapu mpaka nyumbani, akakataa malipo kwa ajili ya marehemu. Marehemu mwenyewe, Ronny, yuko mjini anakula viazi karai vya bure. Hana kazi lakini hajapata kushiba hivi.

Lamis akauliza nani kamshauri Nicanor. Nikasema simu inakatika. Akasema yeye ananisikia vizuri kabisa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilikuwa nakunja leso jioni ya leo, jibu likanijia. Runingani miezi ni maandishi tu! Nimekimbia kwa Nicanor na biriani ya tatu. Alhamisi yatatokea maneno haya: BAADA YA MIEZI MINNE NA SIKU KUMI. Eda itakwisha kabla mtu hajameza mate.

Si hilo tu. Ronny hayupo, kwa hiyo tamthilia inahitaji mwanamume. Nikajitolea! Watu wakizoea kuniona karibu na Salha, posa haitamshangaza mtu. Nicanor akanitazama juu mpaka chini, akasema nitakuwa Bwana Mansabu, mpangaji mpya. Kanipa ukurasa mmoja wenye maneno yangu. Kurasa nyingine sikuziomba. Mwigizaji mkubwa huhitaji yake tu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Maandishi yametokea! Mama kayasoma kwa sauti, kafikiri, kasema haya, eda imekwisha, sinia litakwenda kesho baada ya swala. Nilimbusu mkono. Nikabusu na runinga.

Kisha mlango wa runingani ukafunguliwa, nikaingia mimi. Kofia safi, kanzu safi. Nikasema asalaam aleikum, jirani. Niliisema vizuri! Salha akaitikia, akatabasamu. Na nyuma yangu akaingia Rosebella na mto mkononi.

Rosebella ni mwigizaji mwenzao. Siku ya kupiga picha nilidhani yeye ni mpita njia. Kumbe ni mke wangu! Nicanor asema mwanamume wa umri wangu asiye na mke, watazamaji hawataamini. Mama ameduwaa kwa furaha. Asema mkamwana ana adabu, kainama kumsalimia kila mtu mzima. Kaniuliza kama anapenda biriani.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mama amekwenda na sinia na amerudi nalo, kitambaa hakijafunuliwa.

Bi Ummukulthum alimpokea kwa heshima. Kahawa, halwa, habari za wazazi, habari za magoti. Kisha akauliza hali ya mke wangu. Akasema mjukuu wake haendi uke wenza. Mama akamwambia ni maigizo. Bi Ummukulthum akajibu kwamba yeye si mjinga, anajua ni maigizo, ila watu wa barazani wana macho.

Na Mama akakubaliana naye! Wameagana marafiki, watatazama pamoja Alhamisi ijayo.

Nimeumia. Naandika kweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nampenda Lamis. Nampenda anapocheka mpaka akakohoa, na leo hakucheka. Hakupiga simu kabisa.

Jumapili, 2 Novemba

Lamis kapiga! Asubuhi, sauti imekauka. Amebishana na nyanyake siku mbili, na bibi amelegea. Leo alasiri atakuwa nyumbani kunisikiliza. Niende mwenyewe na mjomba, bila sinia, bila hadithi, niseme jambo moja tu. Leo alasiri.

Alasiri! Ndiyo saa yangu na Nicanor kule Mama Ngina, na biriani imeshapaliwa moto juu. Nimemwomba Lamis iwe kesho, au keshokutwa, mambo yakishakaa sawa. Akasema haya, akakata simu. Msichana mwelewa sana.

Nilishuka dukani kuchukua kofia, nikamkuta Abdulghafur mlangoni. Kanzu mpya, udi unanukia mpaka ng'ambo ya barabara. Shangazi yake ametua jana. Alitaka leso ya zawadi kwa bibi mtu mzima, anayeheshimika, wa hapahapa mjini. Hajui leso hata kidogo, maskini, alikuwa anashika ya jikoni! Nikamchagulia doti bora kuliko zote nilizonazo, nikamkunjia mwenyewe, nikamfundisha namna ya kumpa kwa mikono miwili. Akanikumbatia muda mrefu. Sijui kwa nini, lakini wateja wa namna hiyo ni wachache.

Sasa naondoka na sufuria. Mama ametoa sahani ya Rosebella pembeni, kaifunika. Sikumwambia kitu, atahuzunika. Mpango wenyewe ni huu: Alhamisi Rosebella anateleza ngazini. Haraka, bila homa, bila mapaja. Nitabaki mjane wa kiume, na Ijumaa sinia linarudi kwa Bi Ummukulthum.

Na mwanamume hana eda! Safari hii nimefikiria kila kitu.