Vichaka Vimetosha, Kaka Yako Hatoshi

Kwa Shemeji yangu mpendwa, mwenye kitalu cha miche,

Pokea heshima zangu zote, isipokuwa zile nilizozizuia mpaka jambo hili liishe. Sisi hapa nyumbani tu wazima, ila kaka yako ana mikwaruzo ubavuni.

Utakumbuka tulikuja kukuomba ushauri kuhusu ule uchochoro kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani. Tulitaka mmea wa kuuficha ukuta, usiopukutisha majani wala kunenepa. Ukaja na futi kamba, ukapima upana, ukakagua jua linapopita, ukatuchagulia vichaka vyembamba vya kwenda juu. Kazi yako haina dosari. Ndiyo maana nalalamika:

1. Ulipima kila kitu isipokuwa kaka yako. Mita ya maji iko mwisho wa uchochoro, na kuisoma ni kazi yake tangu tuoane. Juzi aliingia kiubavuubavu, akafika katikati, akagoma kama droo ya kabati la zamani. Mimi nilimvuta mkono, jirani yetu fundi cherehani akamsukuma kutoka upande wa pili. Alipotoka, shati lilibaki kichakani.

2. Ulisema havinenepi. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Mama mkwe alipotutembelea alivisifia kiuno, akamtazama mwanawe, kisha akaniuliza kwa upole huwa ninampikia nini. Sijawahi kuvunjiwa heshima na mmea.

3. Miti ya wenzetu hupukutika, mtu akapata msimu wa kupita. Hii yako ni kijani mwaka mzima, haina likizo. Kaka yako naye hana msimu wa kupungua.

4. Nilimwambia avipogoe. Akachukua mkasi, akasimama mbele yavyo kitambo, akarudi ndani akisema vimechaguliwa na mdogo wake, hana moyo wa kuvikata. Nikamuuliza, je, mimi nilichaguliwa na nani? Tangu siku hiyo tunapishana sebuleni kama wapangaji.

Kwa hiyo naomba uje uving'oe. Kama huwezi, mchukue kaka yako umweke kitaluni, umpe jua la asubuhi na maji kwa kiasi, umrudishe akishafikia kipimo cha uchochoro. Na hilo likishindikana, nitafutie mume mwembamba wa kwenda juu, asiyepukutika, maana huyu kichwani alishamaliza kupukutika.

Msalimie mkeo, watoto, vibarua wa kitaluni, na hata miche, ambayo binafsi sina ugomvi nayo.

Ni mimi, shemeji yako ambaye subira yake haiko kijani tena,
Mke wa kaka yako

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Asubuhi hii kaka yako alijipenyeza kimyakimya ili anionyeshe kwamba anapita, akanasa mbele ya dirisha la jikoni. Kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia, nilimpa chai dirishani. Tumezungumza habari za watoto, za magoti yake, na za mambo tuliyokuwa tunayakwepa, mpaka chai ikapoa. Akaniambia, "Nilikuwa nimesahau kwamba unachekesha." Fundi cherehani amekuja kumsukuma, nimemwambia bado. Basi usije kung'oa kitu, Shemeji. Ila kama unavyo vinene kidogo, niletee vya kuongezea hapo dirishani.