Kiti Kando ya Purnima

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Neema imeshuka! Ofisi inahamia ghorofa ya saba wiki ijayo, na programu ya kugawa viti nimepewa mimi. Mimi, Nagabhushana! Miaka mitatu namtazama Purnima kisogo tu, yeye dirishani, mimi safu ya nyuma. Nataka kukaa kando yake. Sitaki kingine duniani.

Ndani ya programu kila mfanyakazi ana fomu yake: jina, timu, ghorofa. Kipande kinachosoma orodha na kuijaza fomu hiyo kinaitwa bilda, na kukiandika kwa mkono kunachosha. Nikabonyeza kitufe kimoja. Kompyuta ikaandika yenyewe, mistari tisini! Nikamwambia meneja vidole vinaniuma kwa kazi. Akanisifu. Purnima akageuka! Sekunde mbili nzima.

Jumanne, 8 Oktoba

Hila tayari. Nimeongeza nafasi moja kwenye fomu na kwenye orodha: "jirani". Jirani wa Nagabhushana: Purnima. Wengine wote tupu, watupwe popote.

Chethan, yule anayempelekea Purnima kahawa bila kuombwa, akachungulia skrini yangu. Akasema kwa kicheko, "Kaka, bilda hiyo si ya mkono wako, ni ya kitufe. Ukiongeza kitu, ubonyeze tena, la sivyo haitakijua." Nikamjibu kwamba mimi huandika kila herufi mwenyewe. Nibonyeze mbele yake, anicheke? Thubutu!

Jumatano, 9 Oktoba

Mchana kantini. Purnima mbele yangu na wali wake wa limau. Akasema angependa jirani mtulivu, asiyepiga domo. Mimi huyo! Kwa miaka mitatu sijamwambia maneno ishirini. Nikafungua kinywa nimwambie. Nikaomba chumvi. Akanipa. Nilitamani mkono ule ubaki pale mezani hadi jioni. Nimekula wali wa chumvi tupu, na moyo unaniuma.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya kuombea vyombo vya kazi, sikukuu yetu Wahindu ya kila mwaka. Kufikia adhuhuri kompyuta zote zimezimwa, zimevishwa maua, kila skrini ina doa jekundu. Chombo kikishaombewa kinapumzika, hakiguswi hadi turudi kazini Jumatatu.

Kuhani yuko katikati ya maombi, nikakumbuka. Bilda ni ya Jumatatu, jirani ni wa Jumanne. Sikubonyeza tena! Na programu itajiendesha yenyewe kwenye seva, kompyuta kuu isiyozimwa, saa kumi na mbili jioni. Nikapenyeza kidole chini ya maua, taratibu, niiwashe kompyuta yangu. Chethan akanidaka mkono. "We guru! Unataka kutuletea mkosi mwaka mzima? Acha chombo kipumzike!" Wote wakageuka. Nikasema nalinyoosha ua. Ua gani, hata sijui.

Jumatatu, 14 Oktoba

Bilda haikumjua jirani; nimewekwa kando ya mashine ya kuchapisha. Kando ya Purnima: Chethan! Kumbe Jumatano alimwandikia meneja mstari mmoja tu, akiomba kiti kile. Meneja akamwekea kwa mkono.

Kisha Purnima akaja mezani kwangu. Mara ya kwanza! Yeye ndiye aliyepewa kukagua kazi yangu, na ameiona nafasi ya jirani na jina lake. Nikatamani ardhi ipasuke. Hakukasirika. Akasema polepole, akilifupisha jina langu, "Bhushan, mbona hukuniambia? Ningekubali mimi. Siku nyingine uniulize kwa mdomo, basi." Akaenda zake. Ningekubali, amesema. Nimelirudia neno hilo asubuhi nzima, mashine ikinguruma sikioni.

Amesema kweli. Mtu huulizwa waziwazi, bila hila. Nimeanza papo hapo. Fomu mpya: ombi la kahawa, nafasi kumi na tisa. Siku, saa, sukari, povu, meza ya dirishani au ya ndani. Nimebonyeza kitufe, bilda imejiandika yenyewe, safi kabisa.

Nafasi ya jina lake nitaiongeza kesho.