Kompyuta Iliyohamia Ipole

Jumatatu, 7 Oktoba

Kompyuta ya dukani imekufa. Nimeipiga makofi, nimeipumzisha, nimeiombea. Kimya. Sijui nimwambieje mke wangu Agnetha. Jumapili ya tarehe ishirini kwaya yetu ya Moravian inatimiza miaka hamsini, na mimi nilijitolea mbele ya kanisa zima kuchapa kitabu cha nyimbo alizotunga marehemu baba yake. Nyimbo zenyewe hazijawahi kuandikwa popote. Zimebaki kichwani mwa mama mkwe, na mama mkwe anaumwa kifua.

Agnetha kashauri nimpe kazi Mundhir, mwenye duka la kompyuta ng'ambo ya barabara. Nimekataa. Mundhir ana adabu iliyopitiliza. Kila asubuhi ananiuliza hali ya biashara, wakati anaiona mwenyewe hali ya biashara. Nitaunda kompyuta yangu kwa mikono yangu. Nimeshaangalia video.

Jumatano, 9 Oktoba

Mzigo umefika na basi kutoka Dar. Mazabodi, ule ubao mkuu unaochomekwa kila kitu. Prosesa, feni, diski, ramu. Kasha la kuvitia sikuagiza. Kulipia bati tupu lenye matundu niliona ni ujinga. Shemeji yangu Kasimiri, kaka yake Agnetha, anafuga nyuki Ipole, na kaacha kwetu mzinga mpya, sanduku safi la mbao. Una mfuniko. Una matundu mbele ya kupitisha hewa. Ndani kaupaka nta, kama wafanyavyo wafugaji wote, ili nyuki waupende. Unanukia vizuri sana.

Ramu haiingii. Nimesukuma. Nimesukuma kwa goti. Mundhir akapita, akasema kwa upole kwamba hiyo ni ya mazabodi ya aina nyingine, akanibadilishia na ya kwake, kisha akaniagizia kahawa. Nimeinywa. Sikuifurahia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Video inasema kati ya prosesa na feni hupakwa dawa ya kupoza, laini, nyeupe. Mzigoni haimo. Mundhir anayo, niliiona kabatini mwake. Simwombi tena. Jikoni kuna kopo la nta ya Kasimiri. Nta nayo ni laini ukiipasha moto. Nimepaka. Sikuwa bahili.

Imewaka! Nililia kidogo, sioni haja ya kuficha. Agnetha kanipongeza, kisha kauliza kwa nini duka linanukia Ipole.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeipeleka mashine kwa mama mkwe, mtaa wa Cheyo, kwa bajaji. Kwa desturi yetu mimi na yeye hatukai chumba kimoja wala hatutazamani usoni. Kwa hiyo yeye ndani kitandani, dirisha wazi. Mimi nje ukutani, juani, mzinga juu ya kigoda, waya umepitia dirishani. Anaimba ubeti, anakohoa, anapumzika. Mimi nachapa. Agnetha alikaa naye ndani, simu mkononi. Nilimwambia angeweza kuacha kuchezea simu wakati mama yake anataabika. Akaniashiria ninyamaze.

Kuna wimbo mmoja wa wakati wa kupalilia tumbaku. Sauti ya mama imechakaa, lakini nilisahau kuchapa, nikabaki kusikiliza tu. Akamtuma binti yake aje aulize kama mkwe amelala.

Jioni nyimbo zote zilikuwa zimeingia. Hapo hapo mashine ikazima. Moto! Nta ilidondoka chini ya mzinga na mtaa mzima ukanukia. Nimeiacha pale pale ukutani ipoe. Mama mkwe kasema kurudia hataweza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Nimekwenda Cheyo kuchukua mashine. Nikaikuta inavuma. Nikafurahi kwamba feni imepona. Kisha nikakumbuka kuwa haijachomekwa kwenye umeme.

Nyuki. Wamenichoma sikioni, mkononi na mahali ambapo sitapaandika. Nilikimbilia mlango wa karibu, nao ulikuwa wa chumba cha mama mkwe. Tukatazamana. Miaka yote ya heshima, kwisha. Nikageukia ukuta na kuuambia ukuta shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akacheka mpaka kifua kikambana. Agnetha alinitoa nimefunikwa blanketi.

Nyimbo zimo ndani ya diski. Diski imo ndani ya nyuki.

Jumanne, 15 Oktoba

Kasimiri kaja kutoka Ipole. Nilidhani atawafukuza kwa moshi. Kachutama, kasikiliza, uso ukamng'aa. Kasema katundika mizinga msituni tangu masika na mingine mpaka leo ni mitupu, na mimi nimepata kundi zima mjini bila hata kupanda mti. Kundi lililojileta halifukuzwi, kasema. Nikamuuliza habari ya diski. Akauliza diski ni kitu gani. Nikamweleza kwa kirefu. Akanitoa wasiwasi kwamba nyuki hawali vyuma.

Jioni walipotulia kaziba matundu kwa matambara, kaufunga mzinga nyuma ya pikipiki, kaondoka na kompyuta yangu. Mimi na Agnetha tulisimama barabarani mpaka taa ikapotea. Kisha akatangulia kuingia ndani. Afadhali angenitukana. Baba yake alikufa mara moja, na mimi nimeongeza ya pili. Nimechoka. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umevimba.

Jumapili, 20 Oktoba

Vitabu vimefika kanisani. Jalada la bluu, herufi kubwa ili wazee wasome. Kumbe Agnetha alikuwa anamrekodi mama yake kwenye simu tangu ubeti wa kwanza. Alimpelekea Mundhir, na Mundhir, ambaye hajawahi kuimba tenzi zetu hata mmoja, akachapa na kuhakiki wiki nzima. Kaja mwenyewe na mkewe Saleha, wamekaa benchi la nyuma, wamevaa vizuri kunishinda.

Mama mkwe kaletwa kwa bajaji. Kwaya ilipofika kwenye wimbo wa tumbaku, kasimama akaimba nao mpaka mwisho bila kukohoa. Nililia tena. Safari hii kila mtu aliniona.

Ukurasa wa mwisho kuna shukrani. Kwanza Mundhir. Halafu mstari mmoja kwamba wanamshukuru pia Amon, yaani mimi, aliyekaa juani. Ni Agnetha aliyeuweka. Nilimwomba msamaha pale pale, nikamwahidi mbele ya mchungaji kwamba sitaunda tena kitu chochote maishani mwangu. Kanishika mkono uliovimba, taratibu. Nilimaanisha kila neno.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kuunda hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa mbao. Mtu mwenye akili angetumia sanduku la chuma. La binti yetu Levina, alilokuwa akienda nalo bweni, liko uvunguni halina kazi, na mstari ule wa kitabuni unaonyesha wazi kwamba kanisa limethamini mchango wangu. Nimelitoboa matundu Agnetha alipokwenda sokoni. Mazabodi nyingine imeshatoka Dar.

Mundhir kanivukia barabara asubuhi. Kauliza hali ya biashara. Kisha, kwa adabu yake ile, kauliza kama ningependa kachupa ka ile dawa ya kupoza, bure kabisa, kati ya jirani na jirani.

Nimemshukuru. Sihitaji. Nta imebaki nusu kopo.